Paa la Wachuka

Siku waliyomzika mtoto wa Jerop, hapakuwa na maji ya kunawa mikono. Watu walitoka kaburini na udongo kwenye kucha, wakasimama nyuma ya nyumba ya Cheptanui, mama yake Jerop, wakingoja waletewe beseni. Beseni lililetwa. Ndani yake mlikuwa na maji ya kufunika vidole tu, na kabla nusu ya watu hawajanawa yalikuwa yamegeuka tope. Waliobaki walijipangusa kwa majani, wakaondoka.

Wachuka alikuwa miongoni mwa waliojipangusa kwa majani. Hakuondoka. Alikaa na Cheptanui kwenye kivuli cha ghala ya mahindi, wanawake wawili waliokuwa majirani kwa miaka kumi na moja katika laini ile ya nyumba za wafanyakazi, mmoja Mkikuyu na mwingine Mkipsigis, wakizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho walichoweza kugawana.

"Miezi saba," Cheptanui alisema. "Alikuwa ameanza kukaa."

Mtoto alikuwa ameharisha siku tatu. Kila mtu alijua ni maji ya bwawa. Zamani mkokoteni wa maksai ulileta mapipa mawili kila asubuhi kutoka stesheni, na nyumba ishirini na tatu zikagawana. Lakini mvua za mwisho wa mwaka hazikunyesha, na tangu mwanzo wa Desemba Bwana Miwani, Mzungu mwenye shamba, alikuwa amewahamisha wale maksai wakabebe maji ya ng'ombe wake wa gredi, wale wa maziwa. Watu wa laini waliambiwa wateke bwawani. Bwawani ng'ombe walisimama hadi magotini, wakanywa, wakakojoa, na maji yalipopungua yakawa na rangi ya chai ya maziwa.

"Baba Njoki ameandika barua," Wachuka alisema. Gachanja, mumewe, alikuwa msimamizi wa kukamua maziwa, na ndiye aliyejua kuandika kuliko wote pale. "Ataipeleka kwa Bwana DO mwenyewe, ofisini kwa serikali."

Cheptanui alitazama juu, upande wa mlima wa Eburru, ambako moshi mweupe ulikuwa ukitoka ardhini katikati ya vichaka kama ulivyotoka siku zote. Watu wa laini walikuwa wameuzoea kiasi cha kutouona tena.

"Mama yangu alikuwa mtu wa msitu ule," alisema. "Kiangazi walikuwa wanatandika matawi juu ya yale mashimo ya mvuke. Asubuhi wanayakung'uta kwenye ngozi, wanakunywa."

"Maji kiasi gani?"

"Ya mtu mmoja, labda na mtoto wake. Lakini yale yalikuwa matawi. Ukichemsha sufuria, unaona kifuniko kinavyolia machozi. Tungekuwa na bati, Mama Njoki. Bati chache tu."

Katika laini nzima, nyumba zote ziliezekwa kwa nyasi isipokuwa ya Wachuka.

*

Kesho yake alikwenda kuomba mabati ya zamani yaliyolundikwa nyuma ya stoo ya shamba. Alijua yapo kwa sababu alikuwa akiyaona kila siku alipokwenda kupalilia pareto, na nyasi zilikuwa zimeshaota katikati yake. Naftaly, nyapara, alimpeleka hadi chini ya ngazi za veranda akamwambia asimame pale. Alisimama. Dereva alikuwa akitia maji kwenye rejeta ya gari, debe zima, mengine yakimwagika kwenye changarawe.

Bwana Miwani alitoka na kikombe mkononi. Kiswahili alikijua vizuri. Wakati wa kupalilia alikitumia kuwakaripia. Lakini asubuhi ile hakumtazama Wachuka. Alizungumza na Naftaly.

"Anataka nini huyu?"

"Anaomba yale mabati mabovu, Bwana. Wanataka kukinga maji ya mvuke."

"Mwambie ya stoo ni ya stoo. Mwambie wachemshe maji ya bwawa." Alikunywa kidogo. "Na mwambie sitaki mikutano huko juu. Anajua huu ni wakati wa Hali ya Hatari."

Naftaly aligeuka, akamrudishia maneno yale yale ambayo Wachuka alikuwa ameyasikia kwa masikio yake mwenyewe, akiwa hatua tatu tu kutoka kwa aliyeyasema. Wachuka alisema asante. Njiani kurudi alijichukia kwa asante ile kuliko kwa kitu kingine chochote.

Jioni alimweleza mumewe alichosema Cheptanui. Gachanja alikuwa akinakili barua yake kwa mara ya tatu, kwa sababu mara ya pili wino ulidondoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Najua unakokwenda na maneno hayo. Bati za nyumba hii haziguswi."

"Sijasema ziguswe."

"Umeshasema. Miaka minne, Wachuka. Nimeuza kondoo, nimeuza koti la kanisa. Kila bati nililibeba kichwani kutoka Gilgil. Watu wakipita chini kule barabarani wanauliza nyumba ile ni ya nani." Akaichukua tena barua. "Maji ni kazi ya serikali na ya mwenye shamba. Sisi tukianza kujifanyia, watasema vyema, endeleeni, na wao watajiosha mikono. Lazima mtu aandike. Lazima wajue kuna watoto wanakufa huku."

Hakuwa mjinga, na Wachuka alijua hakuwa mjinga. Kulikuwa na haki katika maneno yake. Lakini Njoki, binti yao wa miaka tisa, alikuwa amelala kwenye mkeka akiwa amejikunja, mkono juu ya tumbo, na tangu mchana alikuwa amekwenda vichakani mara nne.

*

Gachanja aliondoka Alhamisi alfajiri, na kibali cha kusafiri cha siku moja mfukoni. Jua lilipopanda kidogo Wachuka alimwita Cheptanui, wakaegemeza ngazi ya miti ukutani.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Misumari ilikuwa imeshika, na hawakuwa na nyundo ya kung'olea ila panga na jiwe. Bati la kwanza lilipofunguka lilitoa sauti iliyosikika laini nzima. Wanawake walitoka kwenye nyumba zao wakasimama na kutazama. Walipofika bati la pili, Jerop, ambaye hakuwa ametoka ndani tangu maziko, alikuja akashika mguu wa ngazi.

"Ngapi?" Cheptanui aliuliza.

Paa lilikuwa na bati kumi. Wachuka alisimama juu ya ukuta, akatazama chini ndani ya nyumba yake mwenyewe: meza, vikombe vitatu, picha ya harusi, kitanda. Kila kitu kilionekana kidogo na cha aibu kwenye jua, kama vitu vya mtu aliyefukuzwa.

"Sita," alisema. "Upande wa chumba cha kulala tuuache."

Walipandisha bati zile mlimani vichwani. Cheptanui alichagua mashimo mawili yaliyokuwa karibu, yaliyopumua kwa nguvu. Waliyazungushia mawe na udongo, wakafunga fremu ya miti, wakapigilia bati kwa mteremko. Mvuke uliwaunguza mikono. Wachuka alipata lengelenge kwenye kiganja. Mwanzoni hakukuwa na kitu, joto tu na harufu ya yai lililooza. Kisha chini ya bati pakatokea jasho. Jasho likakusanyika, likawa matone, matone yakateremka kwenye ukingo wa chini, na moja likaangukia kwenye debe tupu na kulia.

Walikaa pale kwenye majani makavu wakisikiliza debe. Mpaka alasiri lilikuwa limejaa robo. Jerop aliinama, akachota kwa kikombe, akayatazama yalivyo meupe. Hakunywa. Aliketi na kikombe mapajani, akaanza kulia kwa sauti ya chini, na mama yake akamwacha alie.

*

Gachanja alirudi Ijumaa jioni badala ya Alhamisi, na bila kofia. Wachuka alimwona akipanda njia, akaona alivyosimama ghafla alipofika mahali ambapo nyumba huonekana. Kisha akaja, akapita mlangoni, akaketi mezani chini ya anga tupu.

Wachuka alimwekea kikombe cha maji. Alikunywa chote bila kupumzika. Akamjazia tena.

"Haya ni ya wapi?"

"Ni ya paa."

Alikizungusha kikombe mkononi. Ndipo akaeleza, kwa maneno machache, kama anayesoma orodha. Karani alichukua barua akaiweka chini ya jiwe pamoja na nyingine. Akaambiwa angoje. Akangoja mpaka ofisi inafungwa. Karani akatoka akamwambia Bwana DO ana shughuli za Hali ya Hatari, na maji ya shamba ni shauri la mwenye shamba. Barabarani askari waliangalia kibali chake, wakakuta siku yake imekwisha saa moja iliyopita. Akalala ndani. Kofia ilibaki huko.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. "Ungengoja nirudi."

"Jerop alingoja," Wachuka alisema.

Baada ya hapo hawakusemezana kwa siku tisa. Gachanja alikwenda kukamua, akarudi, akala, akalala chini ya bati nne zilizobaki, uso ukutani. Njoki alipona taratibu. Watoto wengine wawili wa laini waliokuwa wakiharisha walipona. Kule juu wanawake walipanga zamu: kila nyumba debe moja, wenye wachanga wakianza, na Cheptanui akishika kijiti cha kupimia. Hata mke wa Naftaly alikuja na debe lake, na hakuna aliyemnyima. Naftaly mwenyewe alijifanya hajui maji yale anayokunywa yametoka wapi.

Siku ya kumi Gachanja alipanda mlimani na panga. Alitembea kuzunguka bati, akainama, akatazama ukingo wa chini ambako matone mengi yaliangukia nje ya debe.

"Mnamwaga," alisema. Akaenda kukata mianzi, akaipasua, akatengeneza mfereji wa kuyakusanya hadi kwenye pipa, na fremu akaipigilia upya kwa misumari yake ya paa. Tangu hapo pipa lilijaa kila asubuhi. Hakusema kwamba mkewe alikuwa sahihi, naye Wachuka hakulingoja neno hilo. Usiku huo Gachanja alimwuliza kama lengelenge limepona.

Mwishoni mwa Januari Bwana Miwani alikuja kuona, juu ya farasi. Alitazama kwa muda mrefu. Siku ya mshahara Naftaly alitangaza kwamba, kwa kuwa watu wa laini sasa wana maji yao wenyewe, mkokoteni hautarudi hata mvua ikinyesha.

"Nilikwambia," Gachanja alimwambia mkewe, lakini bila furaha.

"Uliniambia," Wachuka alikubali. "Na Njoki yuko hai."

*

Mwezi Februari lilichomwa zizi katika shamba la jirani, na ng'ombe kumi na wanane wakakatwa miguu. Nani alifanya hivyo haikujulikana, lakini serikali iliwashuku Wakikuyu. Siku ya tatu amri ilikuja: Wakikuyu wote wa mashamba ya upande ule waondolewe, wapelekwe kambi ya Nakuru, na kutoka huko warudishwe kwao.

"Kwetu ni wapi?" Njoki aliuliza.

Gachanja alifikiri. Baba yake ndiye aliyekuja huku bondeni na mbuzi, zamani sana. Huko Kiambu alikotoka walikuwa na jina la ukoo na binamu ambao hawakuwajua kwa sura. Ardhi ya kujenga, hata ya banda, hawakuwa nayo.

"Tutakuwa watu wa kuomba mahali pa kulala," alimwambia Wachuka usiku ule. "Na mvua inakuja mwezi ujao. Mtu akija kwa ndugu zake na bati kumi, atapewa kona. Akija mikono mitupu, ataambiwa nafasi hakuna."

Wachuka alielewa alichokuwa akisema. Alikaa kitandani, akatafuta ndani yake neno la kupinga, na kila alipolifikia aliona uso wa Njoki, mvua ikinyesha, na mlango wa mtu asiyemjua. Alitafuta mpaka akachoka.

"Nitakushikia ngazi," alisema.

Asubuhi walishusha zile nne za nyumba, kisha wakapanda mlimani. Wanawake walikuwa kwenye zamu yao, madebe yamepangwa. Waliona nyundo ya kuazima mkononi mwa Gachanja, wakaelewa. Cheptanui alinyanyuka, akasogeza debe lake pembeni ili apate kupita.

"Mama Jerop," Wachuka alianza.

"Ni zenu," Cheptanui alisema. "Mlitukopesha uhai wa miezi miwili. Sina neno."

Gachanja aling'oa msumari baada ya msumari, akiinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe ile iliyopinda, na kuitia mfukoni mwa koti. Wachuka alishika upande wa chini wa kila bati lisianguke. Mvuke uliofunguliwa ulimpanda usoni. Wakati wa bati la mwisho mikono mingine miwili ilishika karibu na yake. Ilikuwa ya Jerop. Walilishusha pamoja. Kisha Cheptanui alijitwisha bati mbili, Jerop mbili, na wote wakashuka hadi barabarani, mstari mmoja wa mabati yakimetameta.

*

Malori mawili yalikuwa yamesimama. Afisa kijana wa Kizungu alikuwa na orodha, na askari wanne. Bwana Miwani alisimama kando na Naftaly, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuaga wageni waliokaa muda mrefu mno.

Gachanja aliweka bati kumi karibu na lori, akazifunga kwa kamba, akavua koti ili azinyanyue. Askari akaweka mguu juu ya bati hizo.

"Mtu na kifurushi kimoja. Chuma hapana."

"Afande, ni zangu. Nilinunua. Huyu bwana ni shahidi." Akamgeukia Bwana Miwani. "Bwana, miaka kumi na minne nimekukamulia. Waambie."

Bwana Miwani alisema jambo kwa Kiingereza na yule afisa. Afisa akatikisa kichwa, akaonyesha lori: lilikuwa limejaa watu, wamesimama, wazee wameshikilia vyuma vya pembeni. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Bwana Miwani alizungumza na Gachanja moja kwa moja.

"Hakuna nafasi, Gachanja. Nitazitunza stoo."

Askari alikata kamba. Bati ziliteleza moja juu ya nyingine hadi mtaroni, kwa kelele iliyomfanya mtoto mmoja ndani ya lori aanze kulia. Wachuka alipanda akiwa na Njoki na kifurushi cha nguo. Gachanja alipanda nyuma yake, koti begani. Aliushikilia mlango wa lori kwa mikono miwili, macho mtaroni.

Wachuka alisikia ndani yake kitu kikikauka. Kama angezibakiza mlimani zingekuwa mlimani. Aliwanyang'anya maji watu wa laini nzima ili bati zilale mtaroni, kisha stoo, nyasi ziote juu yake. Alitaka kumwita Cheptanui amwombe radhi, lakini angeomba kwa sauti mbele ya askari, na hakuweza.

Injini ilinguruma. Ndipo akamwona Cheptanui akishuka mtaroni. Hakukimbia. Aliinama, akanyanyua bati moja, akaliweka kichwani, akageuka kuelekea mlimani.

"Wewe," Naftaly aliita. "Cheptanui. Hizo ni za stoo."

Cheptanui aliendelea kutembea. Jerop alishuka akachukua la pili. Mwanamke mwingine alifuata, na mwingine, wakipita mbele ya Bwana Miwani bila kumtazama. Naftaly aliita tena, safari hii kwa sauti ndogo. Mke wake mwenyewe alikuwa mtaroni, akijitwisha. Naftaly alimtazama bosi wake, akatazama chini kwenye viatu vyake, na hakuita tena. Bwana Miwani alisema kitu kwa askari. Lakini lori la kwanza lilikuwa limeshaanza kwenda, na askari walikuwa wakirukia juu.

Gachanja aliingiza mkono mfukoni mwa koti. Alichuchumaa, akatoa leso, akaifungua juu ya goti lake, akakusanya humo misumari yote, ile minyofu na ile iliyopinda, akaifunga fundo. Lori lao, la nyuma, lilikuwa likipata mwendo. Alisimama, akamwegemea mzee aliyekuwa karibu naye, akaitupa leso nyuma, mbali alivyoweza.

Ilifunguka ilipogonga barabara. Misumari ilitawanyika kwenye vumbi. Jerop alisimama, akashusha bati lake chini taratibu. Wachuka alimwona akipiga magoti katikati ya barabara, akiokota msumari mmoja mmoja na kuutia kwenye upindo wa nguo yake, mpaka vumbi la lori lao lilipomfunika asimwone tena.